Vifuko vya Badriya

Siku saba nzima tumemwacha Clotilda ameketi kwenye kitanda cha Daktari Isidori kule Upanga, vidole vyake vikihangaika na fundo la kanga. Mnisamehe, wasomaji. Fundo lenyewe lilikuwa gumu, na gazeti halikutoka mpaka leo.

Aliyekosa toleo lile nitamwambia haraka. Clotilda, mama wa watoto watano, mke wa Onesphory mwenye duka la jumla Mtaa wa Sikukuu, amekuja kuwekewa matiti. Ndiyo, kuwekewa, vifuko viwili vya silikoni chini ya ngozi. Mumewe alisikika kilabuni akisema kifua cha mkewe kimebaki bahasha tupu, barua zilishasomwa. Wanaume wakacheka. Maneno yakasafiri mtaa kwa mtaa mpaka yakamfikia mwenyewe, na tangu siku hiyo Clotilda hakuwahi tena kuvua blauzi taa ikiwaka.

Basi Jumapili hii, Onesphory akiwa Moshi, Clotilda alipanda ngazi za Daktari Isidori, akajilaza kitandani. Kichwa kilipogusa mto, akanusa marashi ya halwaridi.

Halwaridi ya Badriya. Shoga yake Badriya, mke wa Saif wa duka la pili, aliyezikwa miezi miwili iliyopita.

Clotilda aliinuka kama aliyepigwa. Mkono ukaenda wenyewe kwenye pindo la kanga aliyojifunga, na kanga yenyewe ilikuwa ya Badriya. Ilipotimia arobaini, ndugu walipogawa nguo za marehemu, Clotilda, ambaye mtaani huitwa Mama Anselmi, alipewa kanga hiyo pamoja na kichupa cha manukato. Lile fundo kwenye pindo hakuligusa. Alidhani ni senti za marehemu, na nani anataka kufungua senti za marehemu?

Leo aliling'ang'ania kwa meno. Likafunguka.

Hazikuwamo senti. Kilikuwamo kipande cha lebo kilichobanduliwa kwenye boksi, kimekunjwa mara nne. Namba mbili zimepigwa chapa: 6118 na 6119. Pembeni, kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa Badriya ambao Clotilda aliujua kama sura yake mwenyewe: *Kulia. Kushoto.*

"Daktari," Clotilda aliita. "Vifuko vyangu viko wapi?"

Daktari Isidori alikuwa ananawa mikono. Mtu mpole, shati jeupe, pasi safi. Ni wa Kibosho, mtu wa nyumbani, na hilo ndilo lililomtoa Clotilda wasiwasi tangu mwanzo. Sisi Waswahili tuna ugonjwa wetu: mtu akitamka jina la kijiji chetu, tunamkabidhi hata roho bila kumwomba cheti.

"Utaviona vikishakuwa vyako, Mama Anselmi."

"Nataka kuviona sasa."

"Vinachemshwa." Alionyesha kwa kidevu. Pembeni, juu ya jiko la mafuta ya taa, sufuria lilikuwa likitokota taratibu. "Usafi kwanza. Lala."

Clotilda hakulala. Aliikumbuka sauti ya Badriya dukani, mwaka jana, akiwa amejaa furaha na kifua kipya, akimnong'oneza nyuma ya marobota: "Shoga, kitu cha kuingia mwilini unakichagua kama maziwa ya kopo ya mtoto. Angalia kopo halijatobolewa. Angalia namba. Kisha muulize muuzaji, mtoto akiharisha nitakukuta wapi?"

"Boksi lake liko wapi?" Clotilda aliuliza.

Daktari akacheka. "Boksi! Mama, siku hizi sukari tunafungiwa kwenye gazeti, wewe unataka boksi? Silikoni hiyo imetoka Ulaya. Mali ya nje."

Mwaka jana, hapahapa kwa Isidori, Badriya alifunguliwa boksi mbele ya macho yake. Clotilda alijua hivyo, maana alisimuliwa mpaka rangi ya utepe. Akashuka kitandani, akafunua sufuria.

Vifuko viwili vilikuwa vikielea kwenye maji, vyeupe, laini, kama mayai yaliyomenywa. Kwa kijiko kirefu alikipindua cha kwanza. Mgongoni kilikuwa na chapa ndogo.

6118.

Akakipindua cha pili. 5402.

Halwaridi ilikuwa bado inatoka kwenye ule mto.

"Hii ni namba ya Badriya," alisema, na sauti yake hakuitambua.

"Badriya gani?"

"Unamjua. Mke wa Saif. Marehemu."

Daktari Isidori alichukua kijiko mkononi mwake polepole, akafunika sufuria. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Hiyo ni namba ya saizi, Mama Anselmi. Wewe unavaa kiatu namba sita. Mwenzako naye anavaa namba sita. Je, mmevaa kiatu kimoja?"

"Mbona hivi viwili namba zake hazilingani?"

"Na wewe matiti yako yanalingana? Hakuna mwanamke duniani aliyelingana. Ndiyo maana tunapima."

Jibu hilo, wasomaji, nimelizungusha kichwani wiki nzima na bado naona lina utamu wake. Clotilda naye alitamani kuliamini. Alilitamani sana. Alijiona tayari amesimama mbele ya Onesphory, taa inawaka.

"Nipe muda nifikiri," alisema.

"Nakupa mpaka saa kumi. Onesphory anarudi Jumatano, na mimi keshokutwa nasafiri." Daktari alimfungulia mlango kwa heshima zote. "Ila usichelewe. Kuna mwingine anavitaka. Ametoka hapa si muda mrefu, nimeshampima. Usipokuja, nafasi ni yake."

Clotilda alitoka Upanga saa nane imegonga. Mnajua Jumapili zetu: ikifika saa nane, magari ya watu binafsi ni marufuku barabarani, na basi la UDA likipita unaweza kusherehekea. Mji ulikuwa kimya. Ndiyo maana Isidori aliipenda Jumapili. Hakuna gari linalosimama ghafla chini ya dirisha, hakuna anayeuliza kwa nini mwanamke fulani ameshuka ngazi akiwa amejishika ukuta.

Alitembea kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Barabara ilikuwa tupu, lakini mara mbili aligeuka nyuma. Halwaridi ilikuwa inamfuata. Alijiambia ni kanga. Kisha akakumbuka kwamba kanga hiyo ameifua mara tatu kwa sabuni ya kipande.

Nitawaambia jambo ambalo Clotilda hakumwambia mtu. Badriya alikuwa akimjia usingizini. Anasimama mwisho wa kitanda, anamtazama, mkono mmoja umeshika ziwa. Hasemi neno. Clotilda alikuwa akimwamsha Onesphory, na Onesphory akisema ni maharage.

Clotilda alijua kwa nini anajiwa. Jumamosi moja Badriya alimjia dukani, macho mekundu, homa inamchemsha, akasema, "Mama Anselmi, nisindikize hospitali. Peke yangu naogopa, wataniuliza nimefanya nini." Na asubuhi hiyohiyo vitenge vilikuwa vimefika duka la ushirika, foleni imeshakunja kona. Clotilda akamwambia, "Tutaenda kesho, shoga. Kesho mapema."

Kesho yake alfajiri Saif alikuja kugonga mlango. Alikuwa analia.

Sasa swali lilikuwa moja tu. Ikiwa Badriya alizikwa na vifuko vyake vyote viwili, basi daktari amesema kweli, namba ni saizi, na Clotilda anaweza kurudi saa kumi. Ikiwa kimoja hakikuwamo, basi kinachemka Upanga.

Na Kariakoo nzima ni mtu mmoja tu anayejua.

Bi Siti aliishi Mtaa wa Tandamti, nyumba ya uani. Kwa miaka thelathini wanawake wa mtaa wakifariki ni yeye anayewaosha. Clotilda alimkuta ameketi kwenye mkeka anachekecha unga wa njano, ule tunaouita Yanga.

"Shikamoo, Bi Siti."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani. Mbona unahema?"

"Bi Siti, nimekuja kwa ajili ya Badriya. Wewe ndiye uliyemwosha."

Chekecheo likasimama.

"Nilimwosha," Bi Siti alisema. "Kwa maji na majani ya mkunazi, maana hapakuwa na sabuni mji mzima. Allah amrehemu."

"Kifuani kwake uliona nini?"

Bibi hakuwa na hasira, ila uso wake ulifunga mlango.

"Wewe ni Mkristo, sikulaumu. Lakini sikiliza. Nikishamwaga yale maji, na niliyoyaona nimeyamwaga. Mume wake hakuniuliza. Mama yake mzazi hakuniuliza. Mwosha huoshwa, Mama Anselmi. Na mimi siku moja nitavuliwa nguo, na sitaki aibu yangu itembee sokoni."

"Kuna mtu anaweza kufa, bibi."

"Nani?"

"Mimi."

Bi Siti aliinamisha kichwa. Mdomo haukufunguka. Clotilda aliona kwamba hautafunguka hata akipiga magoti. Na hapo, wasomaji, ndipo mwanamke wa duka alipoonyesha kwamba hakukaa Kariakoo bure.

"Basi usiseme," Clotilda alisema. "Nitasema mimi. Nikisema uongo juu ya maiti uliyemwosha wewe, mwombe Mungu wako msamaha. Nikisema kweli, endelea na unga wako."

Bibi hakukubali. Hakukataa pia. Chekecheo lilianza kwenda tena, taratibu.

"Badriya hakufa kwa malaria, kama tulivyoambiwa."

Unga ulianguka. Shaa, shaa.

"Alikuwa na kidonda chini ya ziwa."

Shaa, shaa.

"Ziwa la kushoto."

"Astaghfirullahi," Bi Siti alisema kwa sauti ndogo, na mikono ikatulia.

Clotilda alipigwa na bumbuwazi. Kila usiku alimwona Badriya akishika upande ule. Kisha akaelewa, na nywele zikamsimama. Badriya alikuwa amemwelekea. Mtu akikuelekea, kulia kwake ndiko kushoto kwako. Na lebo ilisema hivyohivyo: 6118, kulia.

"La kulia," alisema.

Chekecheo likaendelea.

"Kidonda kilikuwa kimeshonwa."

Likaendelea.

"Na kilichokuwamo ndani... Kilichokuwamo ndani kilikuwa bado kimo."

Mikono ya Bi Siti ilisimama hewani.

"Astaghfirullahi," alisema. Machozi yakamdondoka kwenye unga, nao unga wenyewe wa foleni, na hakuyafuta.

Kumbe Badriya alirudi Upanga na homa yake, peke yake, kwa kuwa shoga yake alikuwa kwenye foleni ya vitenge. Na yule mpole wa shati jeupe akampasua, akatoa kifuko kimoja, akamshona, akamrudisha nyumbani kufa. Kisha akakiosha. Katika nchi hii tunakarabati kila kitu, wasomaji. Tairi linakuwa kandambili, kopo linakuwa koroboi, na hakuna ubaya. Lakini mwanadamu si gari la kubadilishana vipuri.

Clotilda aliuliza la mwisho kwa kunong'ona. "Kabla ya Badriya, kuna mwingine uliyemkuta hivyo?"

Shaa, shaa, shaa.

5402. Naye alikuwa na jina lake, na mtu aliyemwambia kesho.

"Nenda nyumbani, mwanangu," Bi Siti alisema. "Mimi sijakwambia kitu."

"Hujaniambia kitu, bibi."

Alitoka pale analia waziwazi, mtaani, bila kujali. Alilia kwa hofu, na kwa aibu, na pia, nitasema ukweli, kwa nafuu. Alikuwa hai. Saa tisa na nusu Clotilda alikuwa anatembea Mtaa wa Sikukuu na kifua chake chepesi cha watoto watano, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kilabu hakukionea haya. Bahasha tupu? Sawa. Bahasha ina jina la mwenyewe.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Afike nyumbani, amchukue mdogo wake Agnesi, waende wote polisi na ile lebo. Agnesi ana miaka ishirini na mbili, karani wa kupiga taipu, msichana mwenye maneno yaliyopangwa. Tena yeye ndiye aliyemsindikiza Clotilda kwa Isidori mara ya kwanza, kwa hiyo angekuwa shahidi.

"Agnesi!"

Watoto walikuwa uani wanacheza. Kitabu cha nyimbo cha Agnesi kilikuwa mezani, kwa hiyo misani alisharudi.

"Anselmi, mama mdogo yuko wapi?"

"Alikuja akabadilisha gauni akatoka," kijana wake mkubwa alijibu. "Amesema tusimsubiri chakula."

Clotilda aliingia chumbani kwake kuiweka lebo mahali salama. Akavuta droo ya meza ya kioo. Alitaka pia kukitazama kile kichupa cha manukato, akifunge kwenye kitambaa, akirudishe kwa Saif. Hakutaka tena kitu cha Badriya kimkae mwilini.

Kichupa hakikuwamo kwenye droo.

Kilikuwa juu ya meza, mbele ya kioo, kizibo kando. Wiki tatu zilizopita kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Sasa kilikuwa nusu. Clotilda mwenyewe hakuwahi kujipaka hata tone, kwa kuogopa.

Alikinusa. Akaketi kitandani.

Si Badriya aliyelalia ule mto. Maiti hapimwi. *Kuna mwingine anavitaka. Ametoka hapa si muda mrefu.*

Asubuhi ile ile, Agnesi akiwa mlangoni na gauni la kanisani, alikuwa amemshika mkono. "Dada, nina jambo nataka kukwambia. La haraka." Na Clotilda, akili yote ikiwa Upanga, alimjibu bila kumtazama: "Tutaongea kesho, mdogo wangu."

Kesho.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi.

Alikimbia. Mama wa watoto watano alikimbia Jumapili mchana katikati ya barabara, viatu mkononi, kanga ya marehemu inapepea. Hapakuwa na gari hata moja la kusimamisha. Teksi iliyoegeshwa Mnazi Mmoja, dereva amelala, alisema hana petroli. Clotilda hakubaki kumsikiliza. "Badriya," alikuwa anasema kwa pumzi za mwisho, "Badriya, mzuie. Niadhibu mimi, yeye mzuie." Na halwaridi iliyokuwa imemfuata mchana kutwa sasa haikuwapo kabisa.

Ngazi za Upanga alizipanda kwa mikono na miguu. Akapiga mlango kwa kiganja, kwa ngumi, kwa kiatu.

Alifungua Kijakazi, muuguzi wa Isidori, aproni imefungwa, mikono imelowa.

"Mama Anselmi! Umechelewa. Mdogo wako alisema umekubali achukue nafasi yako."

"Yuko wapi? Agnesi! Agnesi!"

Kijakazi akaweka kidole mdomoni. Nyuma yake mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa, na chini yake palikuwa na ufa wa taa kali.

"Taratibu, mama. Ameshalala."

Clotilda alimsukuma, akavuka kizingiti. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa bado linawaka pembeni. Sufuria lilikuwa linatokota, mfuniko uko sakafuni.

Alichungulia ndani. Mlikuwa na maji matupu.